Bustani za Mitaa katika Ramani ya Mji

Neno ramani lina maana mbili katika Kiswahili, na aghalabu twazitumia bila kuzitenganisha. Maana ya kwanza ni mchoro wa nchi au mji kama ulivyo, pamoja na barabara, mito, nyumba na mipaka yake. Maana ya pili ni mchoro wa kitu ambacho bado hakijawako, kama vile mwashi anaposema kwamba hawezi kuchimba msingi kabla ya kuletewa ramani ya nyumba. Ramani ya kwanza yaeleza kilichopo, na ya pili yaeleza kinachokusudiwa. Makala hii yahusu mahali ambapo ramani hizi mbili hugongana, yaani bustani ndogo ndogo ambazo wakaaji wa miji mikubwa huzilima kwa pamoja katika viwanja visivyojengwa.

Katika miaka ya karibuni miji mingi imechorewa ramani za bustani hizo kwa njia ya data huria. Tutaeleza kwanza data huria ni kitu gani, kisha tutautazama mji wa New York, ambao habari za bustani zake zajulikana vizuri tangu mwaka 1973, na mwisho tutapima maneno ya Kiswahili yafaayo kazi kama hiyo katika miji yetu. Jambo tunalotaka kulionyesha ni hili: jina ambalo kipande cha ardhi hupewa katika orodha laweza kuamua kama kipande hicho kitabaki au kitaondolewa. Kwa hiyo kazi ya mchora ramani na kazi ya mtaalamu wa lugha haziko mbali kama zinavyodhaniwa.

I. Data huria

Data ni habari zilizoandikwa kwa mpango mmoja, safu kwa safu, hata kompyuta ikaweza kuzisoma, kuzipanga na kuzilinganisha. Huitwa huria zikiwa na sifa tatu. Kwanza, kila mtu aweza kuzipata. Pili, aweza kuzitumia na kuzieneza bila kuomba ruhusa kila mara. Tatu, zimewekwa katika umbo lisilomlazimisha mtu kununua chombo cha kampuni fulani ili azisome. Orodha ya viwanja iliyofungiwa katika kabati la ofisi si data huria, hata kama viwanja vyenyewe ni mali ya umma. Wala ramani iliyobandikwa ukutani si data huria, maana mtazamaji aweza kuiona, lakini hawezi kuzitoa habari zilizomo akazihesabu upya au akazisahihisha.

Data za namna hii zina machimbuko mawili. Chimbuko la kwanza ni serikali, ambayo huweka daftari za ardhi kwa ajili ya kodi, ujenzi na usimamizi wa mali yake. Chimbuko la pili ni wananchi wenyewe. Mfano mkubwa wa chimbuko hili la pili ni OpenStreetMap, ramani ya dunia nzima iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, ambayo mtu yeyote aweza kuongeza ndani yake njia, kisima au bustani aijuayo. Tangu mwaka 2012 data zake hutolewa chini ya leseni yenye masharti mawili makubwa: anayezitumia ataje zilikotoka, na anayezitengeneza upya na kuzitoa kwa watu azitoe kwa masharti yale yale. Ramani ya bustani iliyo njema huyachanganya machimbuko yote mawili, maana serikali yajua ardhi ni ya nani, na jirani ajua kilichomo.

II. Bustani za New York

Katika miaka ya 1970 mji wa New York ulikuwa katika dhiki kubwa ya fedha, na mwaka 1975 nusura ufilisike. Katika mitaa ya maskini wenye nyumba waliziacha nyumba zao. Nyingine ziliungua moto, nyingine zilibomolewa, na ardhi iliyobaki iliangukia mikononi mwa serikali ya mji kwa sababu kodi zake hazikulipwa. Hivyo mji ukawa na maelfu ya viwanja vyenye vifusi, takataka na magari mabovu.

Mwaka 1973 mwanamke mmoja msanii, Liz Christy, pamoja na wenzake waliojiita Green Guerillas, walikisafisha kiwanja kilichokuwa pembeni mwa barabara za Bowery na Houston katika Manhattan, wakatia udongo mpya na kupanda mboga, maua na miti. Mwaka 1974 serikali ya mji ilikubali kuwapangisha mahali hapo kwa dola 1 kila mwezi. Mfano wao ulifuatwa katika mitaa mingi, na mwaka 1978 serikali ikaanzisha idara ndogo iitwayo GreenThumb ili kuwapa wakulima hao vibali, udongo, mbao na mafunzo. Tangu mwaka 1995 idara hiyo imekuwa chini ya Idara ya Bustani za Umma za mji, nayo husimamia bustani zaidi ya 550.

Ni kosa kuzidhania bustani hizi kuwa za namna moja. Watu wenye asili ya Puerto Rico walijenga ndani yake vibanda vya mbao viitwavyo casita, ambamo watu huzungumza, hupika na kupiga ngoma. Watu weusi ambao wazee wao walitoka majimbo ya kusini walipanda mboga za kwao, na miongoni mwa mboga hizo imo ile ambayo watu wa Kenya huiita sukuma wiki. Kwa kuwa udongo wa viwanja vya nyumba za zamani aghalabu una madini ya risasi, yenye sumu, wengi hulima katika matuta yaliyozungushiwa mbao na kujazwa udongo ulioletwa. Maji huyapata kwa kibali kutoka mabomba ya zimamoto yaliyo kandokando ya barabara. Kwa hiyo bustani moja ni chakula, mahali pa kupumzikia, baraza la wazee na kiwanja cha watoto, vyote kwa pamoja.

Hata hivyo mkulima hakupewa ardhi, alipewa kibali tu. Mji ulibaki mwenye mali, na kibali chaweza kukatwa. Udhaifu huu ulidhihirika bei ya ardhi ilipopanda. Mwaka 1999 serikali ya meya Rudolph Giuliani ilikusudia kuziuza bustani 114 kwa mnada. Palitokea maandamano na kesi mahakamani, na mwanasheria mkuu wa jimbo, Eliot Spitzer, naye akaishitaki serikali ya mji. Mwezi wa Mei mwaka huo, kabla ya mnada kufanyika, vyama viwili viliafikiana na serikali kuzinunua bustani hizo kwa kiasi cha dola milioni 4.2: Trust for Public Land, na New York Restoration Project, chama kilichoasisiwa na mwimbaji Bette Midler. Nyingine hazikuwa na bahati hiyo. Mwezi wa Februari 2000 bustani iliyoitwa Esperanza, neno la Kihispania lenye maana ya tumaini, ilibomolewa katika Manhattan ya kusini mashariki, watu wakiwa wamejifunga minyororo ndani yake. Mwaka 2002 meya Michael Bloomberg na Spitzer walifanya mapatano yaliyozihifadhi bustani mamia kadhaa na kuziachilia nyingine zijengwe nyumba.

III. Neno tupu katika daftari

Yafaa sasa tuulize: yawezekanaje mahali penye miti, matuta na kibanda pauzwe kana kwamba hapana kitu? Jibu moja limo katika daftari. Kila kiwanja cha New York kina namba ya tarakimu kumi. Tarakimu ya kwanza yaonyesha ni wilaya gani kati ya wilaya tano za mji; tano zinazofuata zaonyesha kitalu; nne za mwisho zaonyesha kiwanja chenyewe. Mbele ya namba hiyo huandikwa jina la mwenyewe, ukubwa wa ardhi, ukubwa wa jengo na matumizi ya mahali. Matumizi hayaandikwi kwa maelezo, bali kwa alama iliyochaguliwa katika orodha fupi: nyumba za kukaa, maduka, viwanda, maegesho ya magari, mahali pa wazi pa mapumziko, na kadhalika. Mojawapo ya alama hizo ni ardhi tupu.

Daftari hili lilitungwa kwa ajili ya kodi, na kodi hufuata majengo. Kwa hiyo kiwanja kisicho na jengo huelekea kuandikwa kitupu, hata kama kimelimwa kwa miaka ishirini. Karani hakusema uongo. Alijibu swali aliloulizwa. Lakini neno lile halikai katika daftari la kodi peke yake. Ofisi itafutayo mahali pa kujenga huchukua orodha ya viwanja vitupu, na katika orodha hiyo bustani yaonekana sawasawa na jaa la takataka. Hapo ramani ya kile kinachokusudiwa huchorwa juu ya ramani isiyoeleza kilichopo.

Kwa muda mrefu wakulima hawakuweza kulisahihisha neno hilo kwa sababu hawakuweza kuliona. Data kamili za viwanja vyote vya New York ziliuzwa kwa leseni mpaka mwaka 2013, ndipo zilipotolewa bure. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, vyama na wataalamu kadhaa walishirikiana kuchora ramani iitwayo OASIS, iliyoweka bustani za mitaa pamoja na miti, mito na viwanja vya umma, hata mwananchi asiye na fedha ya kununua data akaweza kuuona mtaa wake. Mwaka 2012 mji ulipitisha sheria namba 11 ya mwaka huo, iliyoziamuru idara zote kuziweka data zao za umma wazi mahali pamoja.

Matumizi ya kupendeza kuliko yote ya data hizo yalifanywa na chama kiitwacho 596 Acres, kilichoanza mwaka 2011 katika wilaya ya Brooklyn. Jina lake ni tarakimu: kwa hesabu za mji wenyewe, Brooklyn ilikuwa na ekari 596 za ardhi ya umma iliyoandikwa tupu. Wanachama waliichukua orodha ile, wakaichora ramani, kisha wakafanya jambo ambalo kompyuta haiwezi kulifanya: walikwenda kwa miguu kutazama. Baadhi ya viwanja hivyo vilikwisha kuwa bustani. Vingine vilikuwa vipande vyembamba mno kati ya nyumba na nyumba, visivyofaa kitu. Vingine kwa kweli vilikuwa vitupu, vimezungushiwa ua wa waya. Katika ua huo walifunga mabango yaliyoandikwa kwamba ardhi hii ni ya umma, namba yake ni kadha wa kadha, idara inayoishika ni fulani, na mwenye kutaka kuitumia apige simu mahali fulani. Hivyo habari zilitoka katika kompyuta zikarudi mtaani, zikasomwa na mtu ambaye pengine alipita pale kwa miaka mingi akiidhania ardhi hiyo kuwa mali ya tajiri asiyejulikana. Chama hicho kilifunga kazi zake mwaka 2018, baada ya majirani wa viwanja kadhaa kupata vibali na kuanza kulima.

Manufaa ya uwazi yalionekana tena mwaka 2015. Mwezi wa Januari idara ya nyumba ya mji ilitangaza orodha ya viwanja ambavyo wajenzi waliruhusiwa kuviomba ili wajenge nyumba za watu wa kipato kidogo, na miongoni mwake zilikuwamo bustani. Kwa kuwa orodha ilikuwa na namba za viwanja, wakulima walijiona ndani yake siku zile zile, wakaanza kujitetea kabla ya mkataba kutiwa sahihi. Mwisho wa mwaka huo bustani 34 zilihamishiwa Idara ya Bustani za Umma ili zidumu, na 9 ziliamriwa kujengwa. Wala tusiseme kwamba waliotaka kujenga walikuwa na nia mbaya, kwani mtu asiye na nyumba naye ana haki katika mji. Lakini hukumu ya haki kati ya nyumba na bustani haiwezi kutolewa ikiwa mmoja wa wadai ameandikwa katika daftari kuwa hayupo.

IV. Hesabu hufuata jina

New York yatuonyesha hasara ya neno tupu. Mji mwingine wa Marekani, Chicago, watuonyesha hatari ya upande wa pili, yaani kuliamini neno bustani bila kulichungua.

Mwaka 2012 John R. Taylor na Sarah Taylor Lovell wa Chuo Kikuu cha Illinois walichapisha matokeo ya uchunguzi wao wa Chicago. Walikusanya orodha zilizokuwako za bustani za jumuiya, wakapata majina 1,236. Kisha walizitazama picha za mji zilizopigwa kutoka angani, zile ziwekwazo wazi na Google Earth, wakitafuta alama za kilimo cha chakula: mistari ya matuta, udongo uliotifuliwa, nafasi zilizo sawa kati ya mmea na mmea. Kati ya mahali 1,236 ni 160 tu palipoonekana kuzalisha chakula. Nyingine zilikuwa bustani za maua, au uwanja wa shule, au mahali palipoachwa. Lakini picha zile zile ziliwaonyesha mahali 4,648 pa kilimo katika mji mzima, na nyingi za bustani hizo zilikuwa nyuma ya nyumba za watu au katika kiwanja kinacholimwa na mtu mmoja, nazo hazikuandikwa katika orodha yoyote.

Hesabu hizi mbili hazipingani. Zimejibu maswali mawili tofauti. Aliyeuliza ni bustani ngapi zilizo na chama alipata jibu moja, na aliyeuliza ni mahali pangapi panapolimwa alipata jibu lingine. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu yapasa kufasili. Yafaa pia kukumbuka kwamba picha ya angani ina mipaka yake: haioni chini ya mwembe, haitambui mwenye jembe, na haijui kama tuta ni la mchicha wa kuuza au wa kula nyumbani. Mtu wa kwenda kwa miguu hana mbadala.

Kutokana na mifano hii twaweza kutaja habari ambazo orodha njema ya bustani haikosi kuwa nazo: jina ambalo wakulima wenyewe huliita, mahali na mipaka, namba ya kiwanja, kama ipo, mwenye ardhi na aina ya ruhusa, kinacholimwa, maji yatokako, kama wageni waweza kuingia, na siku gani, na tarehe ya mwisho ambayo mtu alifika akatazama. Hii ya mwisho hudharauliwa mara nyingi, kumbe ndiyo inayotofautisha ramani na kumbukumbu. Bustani huhama, hufa na kufufuka upesi kuliko barabara.

V. Maneno ya Kiswahili

Katika nchi zetu kazi ya ramani huria imekwisha kuanza. Mwaka 2011 wakaaji wa Tandale, Dar es Salaam, pamoja na wanafunzi, waliuchora mtaa wao katika OpenStreetMap, na mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ambao wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu cha Ardhi pamoja na wenyeji wa kata nyingi za mji waliandika nyumba, njia na mitaro. Shabaha kubwa ilikuwa kujikinga na mafuriko, na ndiyo sababu mitaro ilitangulia. Lakini katika mabonde yale yale yanayofurika, kama Bonde la Msimbazi, ndimo zilimo bustani nyingi za mchicha, matembele na bamia zinazolisha masoko ya mji. Mtu akitaka kuziandika, ataziandika kwa jina gani?

Shida yaanza mara moja. Katika OpenStreetMap alama kuu ya bustani imewekwa katika fungu la mapumziko, pamoja na viwanja vya michezo. Mashamba yamo katika fungu lingine, la matumizi ya ardhi. Mpango huu ulitungwa na watu ambao kwao bustani ni mahali pa kuburudika. Bustani ya mchicha bondeni si mahali pa kuburudika. Ni kazi ya mtu. Tena si shamba kwa maana ya ekari nyingi za mahindi. Basi tuyatazame maneno yetu moja moja.

Bustani. Neno hili latoka Kiajemi, na asili yake ni mahali pa harufu nzuri. Katika Kiswahili limepanuka: bustani ya maua, bustani ya mboga, bustani ya wanyama, hata bustani ya peponi. Upana huu ni faida katika mazungumzo na hasara katika ramani. Neno bustani peke yake halitoshi. Lazima lifuatwe na sifa yake.

Shamba. Neno hili lina maana ya ardhi ilimwayo, lakini pia lina maana ya nchi iliyo nje ya mji. Unguja, mjini na shamba ni pande mbili zinazoelekeana, na anayekwenda shamba huenda mbali na mji. Kwa hiyo shamba la mjini ni usemi unaosikika kama unajipinga wenyewe. Labda ndiyo sababu ukulima wa mjini huonekana kama kitu kilichopotea njia, ingawa sheria huutambua: kanuni za Tanzania za mwaka 1992 ziliruhusu kilimo mjini na kuweka mpaka wa ekari 3 kwa mtu mmoja. Neno latuonya kwamba fikira zimechelewa nyuma ya mambo yalivyo.

Kiunga. Zamani kiunga kilikuwa ukanda wa miti ya matunda na bustani uliouzunguka mji. Leo viunga vya mji ni mitaa ya pembeni tu, iwe na miti au isiwe nayo. Nyumba zilipoingia, neno lilibaki na mahali, likaacha miti. Halifai tena kwa bustani moja, lakini lafaa kwa eneo zima ambalo bado lina minazi na miembe kati ya nyumba.

Kitalu. Kwa mkulima, kitalu ni mahali pa kuoteshea miche. Kwa afisa wa ardhi, ni fungu la viwanja, kama katika kiwanja namba fulani, kitalu fulani. Tumelitumia hivyo hapo juu tulipoeleza namba za New York. Katika orodha moja ya data neno lisiachwe na maana mbili. Kitalu kibaki kwa afisa wa ardhi, na mahali pa miche paitwe kitalu cha miche kila mara.

Ngwe. Hili ni neno lililosahauliwa mno na watu wa mjini, nalo lastahili kurudishwa. Ngwe ni kipande cha ardhi kilichopimwa na kupewa mtu mmoja alime, hali vipande vya wenzake viko kando yake. Katika miji ya Ulaya kuna desturi ya zamani ya kuigawa ardhi moja kubwa vipande vidogo, kila jamaa kipande chake, na OpenStreetMap ina alama maalumu kwa ardhi ya namna hiyo. Watu waweza kutafuta maneno marefu ya kuifasiri alama hiyo, kumbe neno tunalo, fupi na kamili: ardhi ya ngwe. Bustani nyingi za mabondeni ziko hivi hasa. Mtazamaji wa mbali huona bustani moja. Wenyewe wajua kwamba ni ngwe ishirini zenye watu ishirini.

Kiwanja. Neno hili huelekeza kwenye ujenzi. Asemaye kiwanja kitupu amekwisha kuhukumu kwamba mahali pale pangojea nyumba. Katika orodha ya bustani afadhali tuseme ardhi, au mahali, mpaka ijulikane kwa hakika kwamba pamepimwa na kupewa namba.

Lasalia swali la sifa ya pili, ile ya ushirika. Bustani ya umma ni ya serikali, na watu huingia kutembea. Bustani ya ujima ingekuwa ile ambayo watu wote huilima pamoja na kugawana mavuno, jambo ambalo si kila mahali hufanyika. Bustani ya jumuiya ni usemi sahihi, ila jumuiya yaweza kuwa ya dini, ya chama au ya kazi. Sisi twapendelea bustani ya mtaa, kwa sababu katika mji mtaa ndio unaowaunganisha watu hao, nao una ofisi na mwenyekiti anayejulikana. Ikiwa ndani yake ardhi imegawanywa, itaitwa bustani ya mtaa yenye ngwe. Ikiwa yalimwa kwa pamoja, bustani ya mtaa ya ujima.

VI. Uwazi na mipaka yake

Itakuwa makosa kusifu uwazi bila kutaja hatari yake. Wakulima wa New York walikuwa na vibali. Wengi wa wale walimao mabondeni katika miji yetu hawana hati yoyote. Ramani inayowaonyesha yaweza kuwa utetezi wao, yaweza pia kuwa orodha ya watu wa kufukuzwa. Habari za maji nazo ni za namna hiyo. Kumwambia mnunuzi kwamba mboga zimemwagiliwa maji ya mto mchafu ni kuilinda afya yake, lakini kama ramani haionyeshi pia ni nani aliyeuchafua mto, mzigo wote utamwangukia mkulima.

Kwa hiyo kanuni tatu zafaa kufuatwa. Kwanza, wakulima waulizwe kabla ya mahali pao kuandikwa, na waelezwe kwa lugha waijuayo ni nani atakayeona. Pili, majina ya watu yasiandikwe. Jina la bustani latosha. Tatu, mahali ambapo hapana usalama paandikwe kwa eneo, si kwa nukta, hata ijulikane kwamba bondeni hapa pana kilimo bila kumwonyesha mtu kwa kidole. Kuwa huria kwa data si sawa na kufichuliwa kwa mtu.

VII. Hitimisho

Mfano wa New York watufundisha kwamba data huria peke yake haikuokoa bustani yoyote. Bustani ziliokolewa na watu walioandamana, walioshitaki, waliochanga fedha na waliokwenda kufunga mabango katika waya. Lakini data huria iliwapa watu hao kitu ambacho hawakuwa nacho kabla: uwezo wa kuliona neno lililoandikwa juu ya ardhi yao, na kusema kwamba neno hilo si sahihi. Mfano wa Chicago watufundisha kuwa majirani nao huweza kukosea, na kwamba neno zuri lisilochunguzwa ni kosa kama neno baya.

Kwetu sisi tunaoshughulika na Kiswahili, kazi iko wazi. Ramani za miji yetu zitachorwa, tupende tusipende, na alama zake zitafasiriwa. Zikifasiriwa kwa haraka, ngwe itaitwa kiwanja kitupu, na bustani ya mchicha itaandikwa kuwa mahali pa mapumziko. Itafaa basi maneno ya ardhi na kilimo yakusanywe sasa, Lamu na Mombasa, Tanga na Pemba, Kilwa na bara, kutoka vinywani mwa wale walimao, kabla ya mchora ramani kuuliza na kukosa wa kumjibu. Wasomaji wenye maneno ya kwao ya vipande vya ardhi, ya matuta, na ya mahali pa maji wangefanya jambo jema kuyaandika pamoja na maana zake na mahali yatumikapo.